Ukuta wa Mal-sun

Mtaa wa Mlimani, Mukho
9 Desemba 1991

Mpendwa mdogo wangu Pil-rye,

Hujambo huko Dortmund? Goti limepoa, au bado unapanda ngazi za wodi ya wagonjwa wako kwa ubishi? Mimi ni mzima, ila upepo wa bahari mwaka huu unang'ata. Ngisi ni haba. Kabichi za kimchi nimeshatia mitungini, safari hii peke yangu.

Umeniuliza tena nitakuja lini. Leo nikujibu sawasawa.

Unakumbuka rafiki yangu Mal-sun, yule mchoraji, aliyeugulia hapa kwangu hadi akafa. Majira yale yote ya baridi alikuwa akichora ukuta wa chumba cha ndani: wanawake wa gatini wakianika ngisi. Katikati akamweka mama yetu. Tangu mafuriko yachukue picha zetu, hiyo ndiyo sura pekee ya mama iliyobaki. Hata lile jicho la kushoto, lililokuwa likisinzia kabla ya mwenzake, amelipata.

Kazi zake nyingine alizichoma mwenyewe. Umebaki ukuta huu tu.

Shida ni unyevu. Makaa ya chini ya sakafu yanayopasha nyumba joto yakizimika, ukuta unatoka jasho. Nilikwenda Incheon kwenye harusi ya mwanangu Gi-tae, niliporudi ukungu ulikuwa umekula mkono wa mama hadi kiwikoni. Tangu hapo sijalala nje ya nyumba hii. Asubuhi na jioni nabadilisha makaa kama mtu anayenyonyesha. Majirani karibu wote wamehamia maghorofani, hakuna wa kumwachia moto. Mama Jeong-ran, aliyebaki, ananicheka: "Mumeo kafa ukapumzika, sasa umeolewa na ukuta."

Gi-tae naye ananiambia kwenye simu, "Mama, si upige picha tu uhamie kwetu?" Nimepiga. Imo humu kwenye bahasha. Utaona mwenyewe, uso umekuwa kama punje ya soya.

Mal-sun hakunifunga. Siku zake za mwisho aliniambia, "Ok-bun, ukichoka nao, piga chokaa. Usijifanye mlinzi wa makumbusho."

Juma lililopita nilichoka kweli. Nikakoroga chokaa, nikashika brashi, nikaanza pembeni. Ngisi wa kwenye kamba wakaenda. Nilipofika kwenye sketi ya mama, mkono ukakataa. Nililia kwa hasira, Pil-rye, wala si kwa huzuni. Nikamtukana Mal-sun kwa jina lake lote. Kisha nikaenda kuweka makaa mapya, maana ya zamani yalikuwa yanafifia.

Basi siji, usinikatie tiketi. Njoo wewe, kabla ukungu haujafika usoni.

Nisalimie shemeji Dieter, na Hana, na yule mdogo anayekataa wali. Wazazi wetu waliotangulia wawakinge nyote na baridi ya huko.

Ni mimi dada yako, nikupendaye nisipoweza kukufikia,
Ok-bun