Ungerudi, Ningekuuliza Jina

Shikamoo mshauri. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwambia, maana dada yangu atacheka na mama mkwe ataniombea dua mpaka nizimie. Nakuomba uninusuru.

Mimi ni fundi cherehani, nina mimba ya miezi saba, na mume wangu ni mpaka rangi wa nyumba, alikuwa mtu wa maneno mengi lakini tangu tumbo lianze kuonekana amekuwa bubu kwangu, akirudi kazini ananitazama weee, kisha anachukua sahani yake anakwenda kula barazani, nami nabaki mezani na kiti kitupu, nyumba za watu anazipaka lakini chumba cha mtoto wetu bado ni plasta tupu, na kliniki naenda peke yangu kama niliyebeba kifurushi cha mtu mwingine.

Sasa nisikilize. Dukani kwangu kuna kichumba cha kujaribia nguo chenye pazia la kahawia, na Jumanne moja niliingia humo kuokota pini, nikafunua pazia nitoke, nikakuta duka ni lile lile ila cherehani si yangu, kalenda ukutani ni ya miaka minane iliyopita, duka bado ni la mzee aliyeniuzia, mwenyewe katoka kwenda kula, na kwenye benchi ameketi mume wangu, kijana, mwembamba, mwaka mzima kabla hatujajuana! Akainuka upesi.

"Mama Kijacho, keti wewe. Mimi nimekaa mpaka benchi limenichoka."

"Una rangi sikioni," nikamwambia.

"Hiyo hereni. Usinionee wivu."

Nikacheka, mshauri, na nilikuwa nimesahau nachekaje.

Nimemrudia Jumanne sita. Kila wiki analeta suruali ile ile ipunguzwe ili anikute, sasa inakaribia magoti. Ananiuliza mtoto amecheza mara ngapi. Jina hajaniuliza, wala mimi sikumtajia. Mara ya mwisho akasema, "Kama huyo mtoto hana baba, mimi nipo." Nikakimbilia nyuma ya pazia nikilia, hata kwaheri sikumwambia.

Juzi nikishona mfuko wa koti la mume wangu nikakuta karatasi yangu ya kliniki ya mwezi uliopita, nyuma yake kaandika kwa mkono wake: "Ungerudi, ningekuuliza jina." Kumbe ana mwanamke, tena mwanamke ambaye hata jina hamjui!

Duka litabomolewa mwisho wa mwezi. Jumanne zimebaki mbili. Je, nivuke moja kwa moja nikajifungulie kwa yule anayenipenda, au nibaki na huyu asiyeniona?

Ni mimi, Mama Kijacho.

*

Mama Kijacho,

Marahaba. Sikucheki. Hata hivyo, sentensi yako moja nimeianza nikiwa nimesimama, nimeimaliza nikiwa nimeketi. Nukta ziliwekwa ili watu wapumue, zitumie.

Umeandika kwamba mumeo "alikuwa" mtu wa maneno mengi. Mumeo hajafa. Umemzika kwa kitenzi kabla ya kumuuliza lolote.

Soma tena karatasi uliyoiokota. Hakuandika "ungalirudi, ningalikuuliza". Hivyo ndivyo asemavyo aliyekwisha kufunga mlango: jambo halikuwa, wala haliwi tena. Yeye ameandika "ungerudi". Anayeandika "-nge-" bado anatazama njia. Sasa jiulize, maana akili unayo: ni mwanamke gani aliyeketi na mumeo asimtajie jina, kisha akatoweka bila kuaga? Mwanamke mwingine hayupo. Ni wewe.

Mwanamume huyo alikungoja kwenye benchi mpaka suruali ikaisha. Baadaye akaoa msichana aliyecheka kama yule, akaona ni bahati. Miaka ikapita, uso wako ukakomaa, tumbo likatokeza, na siku moja yule mwanamke wa benchi akaketi mezani kwake. Akuulize nini? "Mke wangu, wewe ndiye yule?" Anaogopa kuitwa mwehu, kama wewe unavyomwogopa dada yako.

Hilo halimwondolei kosa. Kumwachia mke mjamzito kiti kitupu ni utovu wa adabu, na umwambie nimesema hivyo. Lakini wewe nawe huna haki ya kununa. Umekwenda kufurahi na mwanamume ambaye hujawahi kugombana naye wala kumfulia soksi, ukarudi nyumbani kumlaumu anayekumbuka kwamba ulimkimbia.

Usivuke tena. Ukijifungulia kule, kijana yule hatamtafuta msichana uliyekuwa wakati ule, na mwanao atakuwa mtoto wa ndoa ambayo haitafungwa. Nimefundisha sarufi miaka thelathini na minane, na sijui njeo ya kumwekea mtoto huyo.

Liondoe pazia leo, usingoje wabomoaji. Jioni chukua sahani yako umfuate barazani, uketi karibu naye. Mpe karatasi yake. Mwambie ana rangi sikioni, hata kama hana.

Kisha nyamaza. Usimsaidie kusema. Atakapokuuliza jina, mtajie lote, lako na la baba yako, polepole, kama mtu anayeulizwa kwa mara ya kwanza.