Picha ya Ukungu

4 Novemba

Baba, shikamoo. Goti linaendeleaje? Simu huipendi, unasema inakata maneno, basi nakuandikia. Mimi mzima, ila vidole! Mwalimu wa uchoraji anatutoa nje na baridi hii, rangi inagoma kutoka kwenye tyubu. Mwanga nao haungoji mtu: ukifuta pua tu, kivuli kimeshahama. Nimelia barabarani watu wakinipita.

Jana nimeupata ukungu wa asubuhi juu ya nyumba za nyuma ya stesheni. Mwalimu hasifu mtu, lakini alisimama akasema, "Hapo sasa." Mwenzangu anarudi huko, nampa picha hiyo akuletee. Ni yako.

Mwanao

20 Januari

Baba, shikamoo. Za nyumbani? Nina shida. Kuingia mwaka wa pili lazima nionyeshe picha niliyoichora nje. Nyingine zangu zote mbovu. Niazime ile ya ukungu, tafadhali, nitairudisha.

Mwanao

9 Februari

Marahaba mwanangu. Hatujambo, goti ndio uzee huo. Picha nimeituma, na usiwe na wasiwasi, nimeimalizia. Nyumba hazikuwa na milango wala madirisha, anga lote majivu! Nikasema, mtoto wa fundi rangi apeleke kazi nusu kwa walimu? Haiwezekani. Madirisha nimeweka, anga nimelitia buluu, na vanishi mikono miwili, tabaka juu ya tabaka. Sasa inang'aa, waje waone.

Baba yako

26 Februari

Baba,

Picha imefika. Umeiua. Nani alikutuma? Wewe unapaka kuta, kuchora unakujulia wapi? Leo nimesimama nayo mbele ya walimu, wakaangaliana, mmoja akacheka. Nafasi yangu imekwenda.

15 Machi

Mwanangu, hujambo? Barua nimeisoma. Nimepaka nyumba za watu tangu hujazaliwa, hakuna aliyewahi kuniambia nimemharibia. Labda walinionea haya. Jana mteja kaniita sebuleni kwake, nikashika brashi, mkono ukakataa. Nikamwambia atafute fundi mwingine.

Nisamehe. Sikujua.

Baba

2 Aprili

Baba, shikamoo. Na shikamoo nyingine, ile niliyokunyima Februari. Nilikuwa na aibu mbele ya wale watu, nikakutupia wewe yote. Ulimi hauna mfupa, baba, wangu ndio kabisa. Rudi kazini, nakuomba. Niandikie.

Mwanao

30 Mei

Baba, shikamoo. Hii ni barua ya tatu tangu Aprili, na bado hujanijibu. Dada ananiambia unakula, unalala, ila kazini huendi tena, na ngazi umemgawia jirani. Juzi nilimwomba akupe simu. Nilikusikia unapumua, kisha ukamrudishia.

Shule hawakunipa mwaka wa pili, narudi Jumamosi. Nimeshafunga mizigo na bado sijui nitaingiaje mlangoni. Baba, nitukane mbele ya majirani, sitajibu neno. Ila nikikuamkia, niitikie.

Mwanao