Mashine Isiyosahau

Ijumaa, 1 Agosti

Nimefagia. Nimepanguza skrini na ile fulana yangu ya Dubai. Baridi ya kuvunja meno, ukungu umemeza milima yote. Nimewasha mashine ya pembeni, nikafungua programu ya kuandikia, wakaja wote mmoja baada ya mwingine kama watoto walioitwa chakula. Ukurasa wa mhubiri. Ukurasa wa Abdi muuza mbuzi, barua ya kumtumia dadake wa Garissa. Ukurasa wa kijana anayetafuta kazi ya ulinzi, amekwama pale wanapomuuliza ana vipawa gani. Hakuna hata mmoja aliyehifadhi. Ya nini? Wanaandika nusu, wanaenda zao, wakirudi wiki ijayo neno la mwisho linawangoja palepale walipoliacha.

Nimebandika kibao mlangoni: ANDIKA, TOKA, RUDI UTAKUTA. Hakuna saiba nyingine, duka la kompyuta za kukodi kama hili langu, mji huu yenye kitu kama hiki. Labda wako nacho na hawajui, hiyo si shida yangu. Nimekaa Dubai miaka miwili, nimefika Juba na lori, sijaona.

Shule niliachia darasa la saba. Leo wenye digrii wananipangia laini.

Jumamosi, 2 Agosti

Mama Mbithe amekuja kutoka Muthetheni na gunia la ndengu. Akiuza ndengu zikaisha, anakuja kwangu, anavua viatu mlangoni ingawa nimemwambia hapa si msikiti, anakaa mashine ya pembeni. Anaandika na kidole kimoja. Anatafuta herufi kama mtu anachagua mawe kwa mchele.

Anaandika maneno ya kumwambia binti yake siku ya harusi. Ni Jumamosi ijayo. Ni ya Mbithe, kifungua mimba.

Siri iko hapa. Mzee wake, Baba Mbithe, alikuwa mwalimu mpaka akastaafu, na kipaza sauti akikishika hakimtoki. Harusi zote za ukoo yeye ndiye msemaji. Mama huambiwa, "Simama wakuone." Anasimama. "Haya, keti." Mara hii Mbithe mwenyewe amesema mama lazima aongee. Mama akiandika nyumbani mzee ataona karatasi, ataitia kalamu nyekundu. Kwa hivyo anaandika hapa, na karatasi hatoi mpaka amalize.

Leo ameniuliza kama kawaida, kwa jina ambalo mji mzima unaniita, "Dubai, nikitoka haitapotea?"

Nikamwambia, mwaitu, mama yangu, mashine hii haisahau. Mimi naweza kusahau jina langu, hii hapana.

Alhamisi atakuja kumaliza na kuchapisha.

Akitoka huwa nasoma. Ndiyo, nasoma. Kuna pale anasema wakati wa mvua alikuwa anamvusha Mbithe mto mgongoni akienda shule ya msingi, halafu anakaa ng'ambo ile, amelowa, mpaka asikie kengele ya shule ndipo arudi. Mbithe hajawahi kujua kwamba mama alikuwa anabaki. Nimeisoma kila wiki. Nimesikia hotuba za mabalozi kwa redio, hakuna mwenye kitu kama hicho.

Jumatatu, 4 Agosti

Balaa.

Nilikuwa kwa ukurasa wa Mama Mbithe. Nikaona sentensi ndefu haina pa kupumzika, nikamwekea mkato. Mmoja tu. Kumsaidia. Hapohapo stima ikacheza, taa zikafifia, ikarudi, ikazima kabisa.

Iliporudi nikafungua programu. Ukurasa mmoja mweupe. Hauna jina, hauna neno.

Nikafunga, nikafungua. Mweupe. Nimefungua na kufunga siku nzima kama mtu anafungua sufuria anayojua haina kitu. Nimeizima mashine, nikaipumzisha, nikaiongelesha vizuri. Nimeiongelesha vibaya. Mhubiri amekuja kuendelea na mahubiri, nikamwambia mtandao uko chini. Mtandao na mahubiri yake wapi na wapi. Ameniamini. Nimejisikia vibaya kuliko angenitukana.

Kibao nimekigeuza kikaangalia ukuta.

Jumanne, 5 Agosti

Abdi amekuja. Huyu huwezi kumdanganya, anauza mbuzi.

"Barua yangu iko wapi?"

"Iko."

"Iko wapi?"

"Iko ndani."

Ameniangalia hivi. "Dubai, hata mbuzi aliyeibiwa yuko ndani. Ndani ya mtu."

Nimemwambia ukweli wote. Hakukasirika. Amesema barua yake ilikuwa inauliza dadake kama amejifungua, na sasa amesikia kwa simu amejifungua mvulana, kwa hivyo barua ilikuwa imezeeka. Halafu akauliza, "Na ile ya mama wa ndengu?" Nikamwonyesha ule ukurasa mweupe. Akasema, "Subhanallah," akaenda kuniletea chai ya maziwa ya ngamia. Chai nzuri lakini niliiacha ikapoa.

Nikampigia Musyoki, fundi wa kompyuta wa Tala. Huyo amesoma mpaka chuo na bado ni rafiki yangu.

"Umefungua mara ngapi tangu jana?"

"Kidogo."

"Kidogo ngapi, buda?"

"Siwezi kuhesabu."

Amecheka mpaka nikasikia watu wa dukani kwake wanacheka pamoja naye. Halafu akaongea kama mtu. Anasema programu hii ikifungwa inabakisha vitu viwili. Kuna karatasi ya kuikumbusha ni kurasa gani zilikuwa wazi. Na kuna kurasa zenyewe, zimekaa kando kwa folda iliyofichwa. Stima ikikatika vibaya karatasi inaweza kuharibika, programu ikaamka haijui ilikuwa wapi. Lakini kurasa pengine ziko.

Pengine. Nimeshika hiyo pengine kama kamba ya kisima. Kesho anakuja. Ameniamuru nisiguse mashine, hata kuipanguza. Nimeifunika na leso ya mke wangu. Nimemwelezea mke wangu kwa nini leso yake iko kazini, amesema mashine hiyo inapendwa kuliko yeye. Si kweli. Lakini leo nimemwelewa.

Jumatano, 6 Agosti

Ziko. Ziko, ziko, ziko.

Musyoki ameingia mahali sikujua mashine yangu iko na mahali. Folda ndani ya folda ndani ya folda, kama nyumba ya tajiri wa Sharjah. Mwisho kabisa, faili zimepangwa, majina ni nambari tu. Akagusa ya kwanza. "Wapendwa katika Bwana." Mhubiri. Ya pili, kijana wa ulinzi, bado hajui vipawa vyake. Ya tatu, barua ya Abdi. Nimetoka mbio mpaka zizini nikamwita Abdi mbele ya wateja wake. Abdi amekuja, ameisoma barua yake iliyozeeka, ametabasamu. Nimeruka. Mimi, na mwili huu. Kiti kimoja kimevunjika na sijali.

Wa Mama Mbithe tumeukuta mwisho.

Juu uko sawa. Mto uko. Kengele iko. Halafu katikati maneno yanakatika na baada yake ni nafasi tupu mpaka chini. Musyoki anasema huo ndio programu ilikuwa inauandika wakati stima inakatika. Akaniuliza, kuna mtu alikuwa ameugusa? Nikasema mkato. Akasema, mkato? Nikasema mkato mmoja.

Hakucheka. Afadhali angecheka.

Kurasa nyingine zote nane ziko salama. Huo mmoja niliotia mkono wangu ndio umeliwa.

Ameniachia masharti: kila ukurasa uhifadhiwe na jina la mwenyewe, leo, si kesho. Nimefanya. Kibao nimekigeuza tena na nimeongeza kwa kalamu: LAKINI TUNASEIVU.

Mchana nimefikiri. Sehemu iliyopotea nimeisoma mara nyingi. Ilikuwa ya mausia, mambo ya kuheshimu wakwe na kutolala mpaka jua lipande. Sikumbuki neno kwa neno, lakini mimi ni mtu wa maneno. Nimeketi nikaandika. Yamekuja kama maji. Nimesema ndoa ni barabara ya njia sita na kila gari iko na upande wake. Nimesema mapenzi ni taa za ule mji usiolala. Nilipomaliza machozi yamenitoka, maana nilijua hakuna harusi Muthetheni imewahi kusikia kitu kama hiki.

Hatajua. Atadhani ni yeye.

Alhamisi, 7 Agosti

Amejua.

Amesoma na kidole juu ya skrini, mstari kwa mstari, midomo inatembea. Amepita mto. Amepita kengele. Amefika kwangu. Kidole kikasimama.

"Wewe Dubai."

"Naam, mwaitu."

"Hii barabara ya njia sita iko Muthetheni upande gani?"

Nimekosa.

Nimemwambia yote. Kwamba nasoma. Mkato. Stima. Musyoki. Kwamba haya ya mwisho ni yangu. Nimemwambia nikiwa nimesimama, kama mtoto wa shule. Nilitaka anitukane. Ameweka mikono kwenye magoti.

"Nilitoroka kalamu ya mzee nyumbani," akasema, "nikaja kuikuta hapa."

Imeingia. Bado iko ndani ninapoandika.

Halafu akauliza, "Ya juu ndiyo yangu yote?"

"Yote. Isipokuwa mkato."

"Toa mkato."

Nikautoa. Akaniambia nimfutie barabara, taa, na magari yote. Nikafuta. Nikamwambia mausia yake ya kwanza siwezi kumrudishia, yamekwenda. Akasema yale aliyanakili kutoka kwa akina mama wa kanisa, kila harusi yanasemwa, alikuwa anajaza karatasi kwa sababu alikuwa anaogopa kufika mwisho.

Basi akakaa. Akaandika. Muda mrefu kidole kiko hewani. Amenifukuza nisimame mlangoni na nikasimama mlangoni, mgongo kwake, mtu wa Dubai kama askari wa zamu. Nimemwonyesha pa kubonyeza kuchapisha nikiwa nimefumba macho. Karatasi moja. Ameikunja, ameitia kifuani.

Akitoka ameniambia nije harusini. "Uje ule. Usiongee."

Ijumaa, 8 Agosti

Suti imepigwa pasi. Ni ile nyeupe ya Dubai. Mke wangu anasema nitaonekana kama bwana harusi wa ziada.

Ukurasa wake uko, umehifadhiwa, una jina lake. Ni kubonyeza tu. Mkono umenipanda mara mbili. Nimeukalia.

Naogopa. Ataitwa, mzee atakuwa ameshika kipaza sauti, ataambiwa asimame, aketi. Nitaogopa mpaka kesho iishe.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimerudi. Viatu vina vumbi jekundu, moyo hauna pa kukaa. Niandike kabla sijalipuka.

Baba Mbithe ameongea. Ameanza na babu zake, amepita kwa walimu wakuu wote wa Mwala, amefika kwa umuhimu wa hesabu. Watu wamekula muthokoi, wamemaliza, bado anaongea. Mwishowe, "Na huyu ndiye mama. Simama wakuone."

Akasimama. Watu wakapiga makofi.

"Haya, keti."

Hakuketi.

Ametoa karatasi. Mzee ameona karatasi, ameona maandishi ya mashine, na nimeona anataka kuichukua aisome kwanza. Mkono umenyooka kabisa. Mama ameishika kwa mikono miwili asinyang'anywe. Kwa hivyo hana mkono wa kushika kipaza sauti. Wamebaki hivyo, watu wanaangalia, mimi nimeshikilia kiti cha mbele yangu na huyo wa mbele analalamika.

Mzee amekiweka kipaza sauti mdomoni kwa mama. Amekishika hapo.

Mama amesoma mto. Amesoma alivyokuwa anakaa ng'ambo, amelowa, mpaka kengele ilie. Mbithe kwa shela yake amefunika uso. Lakini mimi nilikuwa namwangalia mzee. Alikuwa mwalimu kwa shule hiyohiyo. Miaka yote hiyo, kengele alikuwa anaigonga yeye. Hakujua kuna mtu anaisikiliza. Kipaza sauti hakukitoa, amekisogeza karibu zaidi na mdomo wa mama.

Halafu mwisho, ule ambao sikuusoma:

"Mbithe, mausia utapewa na wengine. Mimi nasema tu, kuja nyumbani. Usingoje kuwe na matanga au sherehe. Kuja hata kama umeishiwa chumvi. Mimi sitauliza kwa nini."

Akakunja karatasi. Akaketi mwenyewe.

Barabara ya njia sita. Mungu amenihurumia.

Nimelia mbele ya watu na suti nyeupe. Mzee mmoja amenipa leso akaniuliza mimi ni wa upande gani wa familia. Nikasema upande wa stima.

Jumatano, 13 Agosti

Ukungu. Wateja wachache.

Mama Mbithe amekuja na gunia la ndengu, na leo gunia limebebwa na mzee. Ndengu zimeisha. Mama amevua viatu, amekaa mashine ya pembeni, ameniomba ukurasa mpya. Nimemfungulia, nikamwonyesha pa kuhifadhi, nikaondoka.

Baba Mbithe amebaki nje kwenye benchi, pamoja na Abdi. Amekaa na mgongo kwa dirisha. Kalamu iko mfukoni, imefunikwa. Abdi alimuuliza mzee, mama anaandika nini.

"Sijui," mzee akasema. "Akimaliza, akitaka, ataniambia."

Nimewapelekea chai. Tumekaa watatu. Kutoka ndani tunasikia kidole kimoja, kinagonga, kinanyamaza, kinagonga.