Picha za mwalimu na sufuria zangu

Mwenzangu, leo nimejiaibisha, sijui uso nauweka wapi.

Unamkumbuka mwalimu wetu wa darasa la tatu, yule aliyefiwa na mumewe? Nilimpigia simu nikamwambia, "Nimekukumbuka, njoo nyumbani tuzungumze." Sikutaja sufuria ninazouza. Kiongozi wetu wa mauzo ndivyo anavyotufundisha, kwamba ukitaja biashara watu hawaji.

Amekuja amependeza, kabeba albamu. Kumbe tangu msiba hakuna aliyemwalika popote. Akaanza kunionyesha picha za marehemu.

Na mimi, mimi huyu unayenijua, nikazisogeza pembeni nipate pa kupanga sufuria. Nimezisogeza kwa mkono wangu. Nikaanza kuhubiri jinsi chakula kisivyoshika chini.

Akanisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akafunga albamu taratibu.

"Ungeniambia tu ni biashara, mwanangu," akasema. "Ningekuja hivyo hivyo. Ila picha ningeziacha nyumbani."

Ningekuja hivyo hivyo, anasema.

Nikamwomba radhi, nikamsihi aifungue tena tuendelee. Akanishika bega, akasema, "Siku nyingine," akainama kuvaa viatu.