Banda la Nguruwe la Vyumba Viwili

Anangisye, acha kula kwanza usome hii. Nimejiponza mwenyewe!

Si unakijua kile kijumba changu nyuma ya migomba, nilichojenga bila kibali? Leo kaja dada wa ofisi ya ardhi na makaratasi yake. Nikajua anakuja kubomoa, maana wakubwa wetu kazi yao ndiyo hiyo.

"Mzee wangu, hili jengo ni la nini?"

Nikamwambia banda la nguruwe. Banda la nguruwe, Anangisye! Kwa mdomo wangu huu huu!

Jirani yangu Nsajigwa akaangua kicheko: "Nguruwe wako wanalala kwenye banda lenye madirisha ya nondo, baba?"

Yule dada akasikitika kweli. Anasema kanuni zimebadilika, nyumba ndogo sasa zinapewa kibali bure na ramani wanakuchorea wao. Alikuja kuniandikisha!

"Ila nguruwe hapa Mbugani ni marufuku, mzee. Ndani ya siku saba uwe umebomoa."

Miaka yote wanatutisha, halafu wakibadilika wanakuja kimya kimya kama wezi. Mtu atajuaje?

Nimemkimbilia mpaka barabarani, nikakiri ni nyumba. Kasema atarudi kesho asubuhi kuhakikisha, niwe na shahidi. Shahidi ni wewe, vaa shati la kanisani.

Mimi nimetoa yale mapazia ya maua aliyoshonea nyumba hii marehemu mke wangu Tulinagwe, akafa hajayatundika. Leo nimeyatundika yote. Aje aniambie nguruwe gani anawekewa mapazia.