Filimbi ya Shela

Dada Mwende mpenzi,

Hujambo huko Machakos? Lamu jua linaunguza, na mahamri nimekula hadi aibu.

Jana chuo chetu kilicheza fainali ya voliboli na wenyeji wetu, ufuoni Shela, chini ya vilima vya mchanga. Tulibakisha pointi moja tu. Niliporuka kuupiga mpira filimbi ikalia, sote tukasimama. Refa akashangaa, maana filimbi yake ilikuwa inaning'inia kifuani. Tukarudia. Ikalia tena, kutoka vilimani, na kule hapakuwa na mtu. Mara ya tatu ililia sikioni mwangu, nikahisi pumzi shingoni.

Bi Rukia, kocha wa wenyeji, wala hakushtuka. "Fungueni neti," akasema taratibu, akituonyesha njia ya kurudi. "Ndia ni hiyo, twendeni zetu. Hapa pana wenyewe."

Leo tumemalizia mechi katika uwanja wa Wiyoni, tukashindwa. Nahodha wetu amelia sana. Kosa ni langu: kila filimbi ilipolia nilimtazama refa mdomoni kwanza, mpira ukanipita.

Nawapenda nyote. Jumapili ukiniona stendi, niite kwa jina. Tafadhali usinipigie mluzi.

Mdogo wako,
Mutheu