Puli na Thamostati Tulizobadilisha Uani Kwihara

Mpendwa Baba Mkwe,

Shikamoo. Mwanao amestaafu kazi ya reli na sasa tumerudi Kwihara moja kwa moja. Asubuhi nikifagia ua napita pale lilipokuwa likilala lori lako, na nikipita nakukumbuka. Ulipokuwa hai, adabu ya ukwe ilinifunga mdomo. Leo nimeona nikuandikie.

Unakumbuka nilivyoingia kwako? Nilikuwa mwali mgeni, mume wangu yuko kazini Kigoma, nami nimebaki na wewe na Mama. Hukunisemesha. Ukitaka maji ulimwambia Mama, "Mwambie mkamwana alete maji," nami nimesimama pale mlangoni nasikia kila neno. Sikuona vibaya, hata kwetu ndivyo ilivyokuwa. Ila nyumba ilikuwa kimya, baba, na mimi nilikuwa mpweke.

Kisha ukaja ule mwaka wa kuhamia vijiji vya ujamaa. Kijiji cha wazazi wangu kiliambiwa kihame, kwenda kuanza upya porini, ng'ambo ya Igalula. Lori lako lililozoea kubeba tumbaku likaombwa kubeba watu. Ukawapeleka baba na mama yangu na wadogo zangu, ukawashusha kati ya miti ya miombo, ukageuza kumfuata bibi yangu aliyebaki kijiji cha zamani, pamoja na nguzo za nyumba na magunia ya mahindi. Hukufika. Lori lilianza kuchemka njiani, ukawa unasimama unalimwagia maji, unakwenda tena, mpaka ukalifikisha nyumbani likifoka mvuke.

Mama alikuuliza, "Na wakwe zetu?"

"Nimewaacha chini ya turubai. Paa hawana, na chakula walichonacho ni kidogo."

Halafu ukanigeukia mimi. Ilikuwa mara ya kwanza. Ukasema, "Mwanangu, usilie. Fundi wa mjini ameenda na magari ya uhamisho, sitamngoja. Nitalitengeneza hapa hapa."

Puli ya kranki, lile gurudumu la chuma mbele ya injini linalozungusha mkanda wa feni, ilikuwa imepasuka ukingo na kuukata mkanda. Ulikwenda mjini kwa baiskeli, kwenye duka la Bwana Kanji. Mkanda alikuwa nao. Puli mpya hakuwa nayo, vipuri vilikuwa adimu miaka ile, lakini alikuruhusu ufungue iliyokuwa kwenye lori bovu nyuma ya duka lake. Tena akakusihi uchukue na thamostati, kile kilango kinachofunguka kwa joto kupitisha maji ya injini. Ulirudi jioni na vyote umevifunga kwenye keria kama kuku wa kupeleka sokoni.

Asubuhi ulihitaji mtu wa kukusaidia. Vijana wa jirani wote walikuwa kwenye kuhamisha watu, na Mama miguu ilikuwa inamsumbua. Ulizunguka lile lori mpaka Mama akakwambia, "Mwite mkamwana. Adabu itasubiri, mvua haisubiri."

Uliniita. Ulinikalisha kwenye usukani, ukaingiza gia, ukaniambia nikanyage breki kwa nguvu ili injini isizunguke wakati unafungua nati. Spana uliirefusha kwa kipande cha bomba. Nati ilikataa, ukapumzika, ukaijaribu tena, mpaka nikasikia imelia na kuachia. Kisha nilishuka, tukaibandua puli kwa mitaimbo miwili, wewe upande huu, mimi upande ule. Ilipochomoka ghafla, kile kijichuma cha nusu mwezi kinachoishika puli isiteleze kikaruka mchangani kikapotea.

Ulikaa chini ukashika kichwa. Kingine hukuwa nacho. Mimi niliingia jikoni nikatoka na chekeche, nikaanza kuchekecha ule mchanga taratibu kama unga wa ugali. Kilipobaki juu ya wavu nilikuletea kiganjani. Ulicheka, baba. Sikuwa nimewahi kukusikia ukicheka. Ukasema, "Kumbe kazi ya unga na kazi ya chuma ni moja."

Tulifunga puli, tukavisha mkanda, ukawasha. Feni ilizunguka vizuri, lakini haukupita muda maji yakachemka tena. Niliona mabega yako yameshuka, nikawafikiria wazazi wangu kule porini. Ulishika mpira wa juu wa rejeta, lile tangi la kupozea maji, ukaniambia niushike na mimi. "Injini inaungua, huku kumepoa. Maji hayapiti. Thamostati imeganda."

Injini ilipopoa ukaitoa. Hukutaka kubahatisha tena, ukaniuliza kama moto wa jikoni bado unawaka. Tuliziweka zote mbili kwenye sufuria ya maji, ya zamani na ile ya Bwana Kanji, tukainama kuzitazama, Mama naye kwenye kigoda chake. Maji yalipopata moto, ile ya Kanji ikafunguka polepole. Ya zamani ilibaki imefumba. Ulikata gasketi ya kuzibia maungio kwenye karatasi ngumu ya boksi, ukafunga, tukajaza maji. Safari hii injini iliunguruma na rejeta haikutoa mvuke.

"Panda mbele," ukaniambia. "Twende tukamchukue bibi yako." Watu wa Kwihara walitutazama sana, mkamwana kukaa mbele na baba mkwe wake. Hukuwajali. Bibi tulimweka katikati yetu, nguzo na mahindi nyuma, tukaenda mpaka Igalula na kuipita.

Baba yangu alitoka chini ya turubai akija mbio. Ulimwambia, "Nisamehe, mkwe mwenzangu. Lori lilinigomea. Aliyenisaidia kulitengeneza ni binti yako." Baba alitazama mikono yangu iliyojaa grisi, akaishika yote miwili. Wewe ulivua shati, ukachukua jembe, ukaanza kuchimba naye mashimo ya nguzo. Mvua ilikuja tumeezeka upande mmoja tu. Bibi alilala upande huo, mkavu.

Tangu siku ile uliniita kwa jina langu. Ulinituma mwenyewe, ukanigombeza mwenyewe, ukanisimulia habari za barabara. Nyumba ikawa yangu.

Na ulipolazwa hospitali ya Kitete, wanao wote wakiwa wamesimama kando ya kitanda, ulikataa uji wa mkono wao. Ukasema, "Mwiteni Nyamizi." Waliona haya kwa ajili yangu. Mimi sikuona haya. Nilikunyanyua kichwa, nikakulisha, ukanywa wote.

Sikukuambia ahsante hata siku hiyo. Nakuambia sasa, kwa niaba yangu, ya wazazi wangu, na ya bibi. Ulale salama, baba. Nyumba yako tunaitunza.

Mkamwana wako,
Nyamizi